Matone Baada ya Upasuaji wa Jicho: Vidokezo 8

Umetolewa mtoto wa jicho Mbeya au Iringa mjini, umepewa matone, na sasa uko kwenye basi la kurudi Mbarali, Rungwe, Kilolo au Mufindi. Jicho bado lina kidonda. Matone hayo ndiyo yanayotuliza uvimbe wa ndani, basi yatumie hivi:

1. Ijue dawa yako. Prednisoloni na deksamethasoni ni steroidi. Ketorolaki na diklofenaki si steroidi. Zote hupunguza uvimbe, lakini haziui bakteria. Ukipewa na antibiotiki, tumia zote.

2. Nawa kwa sabuni. Ncha ya kichupa isiguse jicho, kope wala kidole.

3. Tikisa. Dawa iliyo nyeupe kama maziwa hutuama chini.

4. Tone moja latosha. Vuta kope la chini, dondosha, fumba jicho kwa dakika 1 au 2. Bonyeza taratibu kona ya pembeni mwa pua ili dawa isishukie kooni. Usikandamize jicho lenyewe.

5. Una dawa mbili? Subiri angalau dakika 5 kati yake, ya pili isije ikaisafisha ya kwanza.

6. Usiache ghafla. Steroidi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa, kama daktari alivyoandika. Ukiikatisha kwa kuwa wekundu umeisha, uvimbe unaweza kurudi.

7. Usimgawie mtu. Mkulima aliyechomwa na jani la mahindi anaweza kuwa na kidonda cha fangasi kwenye kioo cha jicho. Steroidi itakizidisha kidonda hicho. Mtoto mwenye mzio naye asinunuliwe steroidi kila msimu wa vumbi bila daktari. Ikitumika muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho, ikaua uoni polepole bila maumivu. Kichupa kilichofunguliwa, tupa baada ya wiki 4.

8. Rudi haraka. Maumivu yakizidi, uoni ukififia, au usaha ukitoka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na kama aliyepasuliwa ni bibi au babu ambaye mikono yake inatetemeka, mchagueni mtu mmoja nyumbani wa kumwekea dawa, kila siku, mpaka daktari aseme inatosha.