Pampu kuukuu za kituo cha mafuta: zifungue kabla ya kuziuza kwa kilo

Kituo cha mafuta kikifungwa, au kikibomolewa kupisha barabara, kinachobaki mwisho ni zile pampu zimesimama kwenye vumbi. Mtu wa skrepa akipita anazipima kwa jicho, anataja bei, na mara nyingi anazipata kwa bei hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa vifaa kuukuu wanaotumia huduma yetu wana swali moja: nikimtangulia mtu wa skrepa nikazinunua mimi, nitamuuzia nani?

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme pampu moja ya mipira miwili ina kilo 150, na skrepa inanunuliwa shilingi 40 kwa kilo. (Hiyo ni bei ya mfano tu, ya kweli hubadilika.) Unapata shilingi 6,000. Toa pesa ya pikapu na ya vijana wa kupakia, uone kilichobaki. Lakini sanduku hilo hilo lina mita, nozo, mipira, vali, kibodi, pengine na mota, na kila kimoja kina mtu wake anayekitafuta. Faida iko kwenye kuvitenganisha. Hasara nayo iko hapo hapo kama hujui unachokiuza.

Kwanza, pampu ni ya nani?

Katika vituo vingi vyenye jina la kampuni kubwa, yule dila anayekiendesha hamiliki vifaa. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mwingine, pampu za kampuni, na yeye ni mwenye biashara tu. Kwa hivyo dila akikuambia "chukua zote, nipe pesa leo", usitoe pesa. Omba barua ya mwenye pampu inayotaja aina na nambari ya kila moja, kisha ulinganishe na kile kibati kilichopigwa misumari ubavuni. Kibati kikiwa kimeng'olewa, uliza kwa nini.

Pia angalia kama pampu zimewekwa rehani kwa mkopo. Tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, wakopeshaji husajili madai yao, na upekuzi unafanywa kupitia eCitizen. Kazi ya dakika chache inaweza kukuokoa na dalali wa benki.

Na kama unapanga kuuza mabaki kama chuma, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka uwe na leseni. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2022, biashara yote ya skrepa iliposimamishwa nchini baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Ilifunguliwa tena Mei mwaka huo. Tangu hapo, mtu mwenye karatasi zake halala roho juu.

Ndani ya sanduku

Fungua mlango wa chini kabla ya kukubaliana bei. Kuna pampu zinazovuta mafuta zenyewe, hizo zina mota, mkanda na kivutio. Kuna nyingine ambazo husukumiwa mafuta na pampu iliyozama ndani ya tangi. Hizo hazina mota hata moja, na ukizinunua kwa bei ya zile za kwanza umeumia.

Mota nyingi za pampu hizi zina nguvu ya farasi mmoja hivi, na nyingine ni za umeme wa fezi tatu. Soma kibati chake. Usimwambie mtu itaendesha kinu cha kusagia unga, haitaweza. Inatosha kwa jiwe la kunolea au feni ya kuvuvia moto wa mhunzi, mradi fundi wa umeme ameipima.

Mita ndiyo moyo wa pampu. Ikiwa haijalika, inapima dizeli vizuri kwa miaka, na hapa ndipo penye mnunuzi ambaye wengi humsahau: mwenye tangi lake mwenyewe. Mkandarasi wa barabara mwenye matingatinga, shamba la maua, kiwanda cha chai, sako yenye mabasi, wote wanataka kujua lita ngapi ziliingia kwenye gari gani. Hawauzi mafuta kwa mtu, wanalinda yao. Mita, nozo na mpira mzima ni seti anayoweza kuinunua bila kusitasita.

Mwambie ukweli, hata hivyo. Mita uliyoifungua imepoteza muhuri wa ofisi ya vipimo. Kwa kupima matumizi ya ndani anaweza kuendelea nayo, lakini haiwezi kutumika kuuza mpaka ikaguliwe na kupigwa muhuri upya. Na kuuza mafuta kwa umma ni lazima leseni ya EPRA, hilo halina mjadala. Mtu akitaka pampu nzima ya kuweka kando ya barabara mtaani, muulize leseni kwanza.

Vibao vya elektroniki, skrini na kibodi huenda kwa mafundi wanaotengeneza pampu za modeli ile ile. Wapigie picha ya kibati. Wakiona modeli siyo, hawatakupotezea muda.

Kisha kuna sanduku lenyewe. Mabati yake ni kazi ya jua kali, lakini pampu nzee kweli, zile za namba za kuzunguka, zina soko lake. Mwenye hoteli au gereji huigeuza kabati, rafu au taa ya mlangoni. Ng'ambo kuna watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya magari ya zamani, hasa kule Marekani, ambako Sylvanus Bowser aliuza pampu yake ya kwanza ya mafuta ya taa mwaka 1885. Watu hawa wanataka rangi ya awali na kibati cha awali. Ukiipaka rangi mpya ing'ae, umeipunguzia bei kwa mkono wako.

Mvuke na sumu

Pampu iliyokaa mwaka mzima bila kazi bado ina petroli kwenye chujio, kwenye mpira na kwenye pembe za ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na huwaka hata kwenye baridi kali. Grainda au moto wa kuchomelea usiusogeze mpaka fundi anayejua kazi hiyo amekamua, amesafisha na kupitisha hewa. Mabaki hayo yakusanywe, yasimwagwe mtaroni.

Na kuna mteja mmoja wa kumkatalia hata akiongeza bei: anayetaka kutengeneza mashine ya kuuza mafuta ya kupikia, maziwa au maji. Tunaelewa wazo lake, maana mashine za mafuta ya kupimiwa zimejaa mitaani na mpya ni ghali. Lakini mpira na vizibo vya pampu vimenyonya petroli kwa miaka, na hakuna sabuni itakayoitoa. Mbaya zaidi ni pampu zilizofanya kazi kabla ya 2006, wakati petroli yenye risasi ilikuwa bado haijaondolewa nchini. Risasi huathiri akili za watoto, na haionekani kwenye chapati. Andika kwenye risiti ya kila kipande: "Si kwa chakula wala maji ya kunywa."

Pesa

Unaponunua, lipa kwa Till au Paybill yenye jina lile lile lililo kwenye barua ya umiliki. Jina litakalotokea kwenye simu likiwa la mtu usiyemjua, simama hapo kabla ya kuweka PIN. Amana ikiombwa, iwe ndogo, na baada ya kuziona pampu kwa macho yako.

Unapouza, tumia Till ya biashara badala ya namba yako binafsi, maana mkandarasi atakuomba ankara ya eTIMS na rekodi zinafaa zilingane. Andika msimbo wa malipo kwenye hati ya kukabidhi, na mnunuzi atie sahihi. Baadaye akidai alituma pesa kimakosa na anataka irudishwe, hati hiyo ndiyo jibu lako.

Usiachilie mzigo kwa picha ya skrini. Ujumbe wa malipo hughushiwa kirahisi, salio haliigizwi. Angalia salio lako mwenyewe, na ukiwa na shaka tupigie simu lori likiwa bado halijawashwa.