Kabla Hujafungua Duka la Simu Buruburu

Nauza nguo za watoto za mitumba nikiwa nyumbani Buruburu, Nairobi, na simu ndiyo duka langu. Haya nayaandika kwa ukali kwa sababu nimeona akiba za majirani, nyingine zikiwa mgao wa chama, zikiteketea kwa makosa yaleyale.

Andika bei. Iandike chini ya kila picha, kwa shilingi, ionekane. Tabia ya "bei njoo inbox" inafukuza wateja. Mama anayetazama gauni akiwa ndani ya matatu ya 58 hatasubiri umjibu baada ya saa nne; atahamia kwa mwingine kabla hajafika Mumias South Road. Tena anakushuku, na ana haki. Mwenye kuficha bei humtazama mteja kwanza, anavyovaa na anakoishi, kisha anaamua amkamue kiasi gani. Muuzaji wa soko la mitumba la Gikomba huita bei hadharani mpaka koo linamkauka. Wewe uliyenunua kwake unaona haya ya nini? Anayetaka kupatana apatane, biashara haigombi, lakini aanzie kwenye bei anayoiona.

Usitangaze mzigo ambao huna. Usichukue picha za muuzaji mwingine ukitumaini utapata nguo inayofanana. Piga picha zako mwenyewe, mchana, karibu na mlango, na doa au kifungo kilichong'oka kionekane. Nguo ikiwa kamera, yaani daraja la kwanza, sema ni kamera. Ikiwa fagia, yaani ya daraja la mwisho, usithubutu kuipandisha cheo. Na upime kwa futi ya fundi, uandike urefu na upana, maana lebo ya Uingereza ya miaka 4 haijui mwili wa mtoto wako wala wangu.

Usitundike picha ya mtoto wa mteja bila idhini ya mzazi, hata akiwa amependeza kiasi gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na haikuandikwa kwa ajili ya mabenki tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mtaji wako wote haufiki hapo.

Usiachilie mzigo kwa sababu umeona ujumbe wa malipo. Mimi niliachilia. Mteja alisimama getini, ujumbe wa malipo ukaingia kwenye simu yangu, nikampa sweta tatu na kumtakia siku njema. Jioni nilipotazama salio hapakuwa na kitu. Ujumbe ule ulitumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, na hata ukija hivyo, angalia salio kabla mkono haujaachia mfuko. Chukua namba ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara ili pesa ya mzigo isikae pamoja na pesa ya unga.

Nunua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gauni la shilingi 150 halikugharimu 150. Ongeza nauli ya Gikomba kwenda na kurudi, sabuni, umeme wa pasi, mfuko, bando, na ile alfajiri uliyoamka giza likiwa bado nje. Ukiliuza 200 umefanya kazi bure. Kwenye daftari hilohilo andika namba za wateja wako. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja kuanzia jioni kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na namba kwenye karatasi alipiga simu na kuuza. Ukurasa ni wa kampuni, wateja ni wako.

Usimwelekeze mteja mgeni nyumbani kwako. Kutana naye mchana, penye watu, pale maduka ya Buruburu. Kwa boda, tumia kijana unayemfahamu na umtajie mteja nauli kabla hajalipa, si baada. Mzigo wa mashambani upeleke mwenyewe ofisi ya matatu, udai risiti na uipige picha.

Usimwage picha arobaini kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Kundi lile ni la maji, askari wa geti na msiba. Omba ruhusa ya msimamizi, tangaza mara moja kwa wiki, kisha nyamaza.

Tafuta PIN ya KRA mapema. Mauzo yakivuka shilingi 1,000,000 kwa mwaka, kodi ya mauzo inakuhusu, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yenyewe, si ya faida. Kwa hiyo iweke ndani ya bei tangu mwanzo.

Nguo ikirudishwa, usimfungie mteja simu. Tazama picha uliyoitundika na vipimo ulivyoviandika. Kama ulikosea wewe, rudisha pesa siku hiyohiyo, na boda umlipe wewe, kwenda na kurudi.