Daftari la Namba Tisa: Kumtambua na Kumlinda Mshambuliaji Chipukizi wa Mtaani

Kijana akifunga mabao matatu Jumamosi, kufikia Jumapili jioni wakazi wa Dallas, mjini Embu, wameshaanza kumwita Olunga, yule mshambuliaji maarufu wa Kenya. Furaha hiyo ni haki yao. Lakini huenda mabao hayo matatu yalimpita beki aliyevalishwa glovu dakika ya mwisho kwa sababu kipa alikosa nauli. Kwa hivyo kocha, mwalimu wa michezo, mzazi au shabiki anayetaka kumfaa kijana huyo kwa dhati na aanze na kitu cha bei ndogo: daftari. Ukurasa wa kwanza aandike jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule na timu. Kurasa zinazofuata ni za mechi, moja baada ya nyingine. Daftari hilo likitunzwa vizuri, siku moja litakuwa na thamani kuliko njumu za kijana mwenyewe, na hapa chini nitaeleza sababu.

Tuanzie uwanjani. Watazamaji wengi hufuata mpira, na hapo ndipo wanapomkosa mshambuliaji. Katika dakika 90 namba tisa hugusa mpira kwa muda mfupi mno. Kazi yake kubwa hufanyika mpira ukiwa kwa wenzake. Chagua dakika 20 za kipindi cha kwanza, uache mpira uende utakakokwenda, umtazame yeye peke yake. Tazama shingo yake. Je, hugeuka kuangalia nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia, au anaanza kutafuta beki yuko wapi mpira ukiwa tayari miguuni? Tazama anaposimama. Mshambuliaji mwenye akili hukaa upande ambao beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja, kisha huanza mbio kwa kuzunguka kidogo ili asiotee. Mwingine husimama katikati ya mabeki wawili akinyoosha mkono kudai pasi. Huyu wa pili anaweza kufundishwa, ila andika kwamba bado hajafundishwa.

Halafu mguso wa kwanza. Viwanja vingi vya mitaani ni changarawe na vumbi, mpira unadunda ovyo, na kwenye mvua za Machi hadi Mei unakwama kwenye tope. Usimhukumu kijana kwa mpira uliomruka. Angalia tu kama mwili wake ulikuwa tayari: magoti yamelegea, mguu umenyanyuliwa, na mguso wake unaupeleka mpira kwenye nafasi badala ya kuuzima palepale. Kijana aliyezoea kutuliza mpira kwenye uwanja mbovu hana tabu akipewa nyasi.

Kuna dakika moja ambayo mimi huithamini kuliko bao. Ni pale anapokosa. Krosi imekuja, lango liko wazi, naye amepaisha juu ya mwamba. Hesabu sekunde tano zinazofuata. Mmoja atashika kichwa, amlaumu aliyepiga krosi, kisha atembee kurudi. Mwingine atakuwa tayari anamkimbilia beki anayepokea mpira wa goli. Washambuliaji wote hukosa, hata wa ligi kubwa: kwa wastani wa jumla, ni takriban shuti moja kati ya kumi linaloingia wavuni. Maisha ya mshambuliaji basi ni maisha ya kukosa na kurudi tena, na moyo wa kurudi huonekana mapema. Uandike.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitoe hukumu kwa mechi moja. Chora safu tatu: mashuti, yaliyolenga lango, mabao. Jaza mechi kumi, za nyumbani na za ugenini, dhidi ya timu kali na dhaifu. Andika pia jina la mpinzani na hali ya uwanja. Aliyefunga manne kwa mashuti matano siku moja atashuka, hilo ni la kawaida. Anayepata nafasi nne au tano kila mechi, hata akizikosa nyingi, huyo anajua kujiweka mahali penye mabao, na kumalizia ni jambo linalofunzika.

Sasa umri, ambao ndio huharibu hesabu nyingi. Mashindano ya vijana hupanga umri kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi. Mtoto aliyezaliwa Januari na yule wa Desemba ya mwaka huohuo hucheza pamoja ilhali wamepishana karibu miezi 12, na wakiwa na miaka 13 tofauti hiyo huonekana kwa kimo na nguvu. Ndiyo maana vikosi vingi vya vijana duniani hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka, huku waliozaliwa mwishoni wakiachwa kabla hawajakua. Kwa hiyo ukimwona mvulana anayewashinda wenzake kwa kifua na mbio tu, jiulize atafanya nini wakimfikia kimo. Na ukimwona mdogo wa mwili anayepata nafasi kwa akili, usimwache benchi. Vilevile, anayerefuka haraka huweza kupoteza wepesi kwa miezi kadhaa, na maumivu chini ya goti ni ya kawaida katika umri huo. Apunguziwe mazoezi na apelekwe hospitali yakizidi. Asiitwe mvivu.

Kupunguza umri ni kumwekea kijana mtego. Tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika mashindano ya wavulana chini ya miaka 17 ili kuona kama mfupa umemaliza kukua. Kijana aliyepewa cheti cha uongo na mtu mzima huanguka hapo mbele ya kila mtu, na lawama hubebeshwa yeye. Mzazi, kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kitafute leo. Nakala yake ikae ndani ya daftari.

Embu ina jambo lake jingine ambalo watu hulikwepa. Hapa ndipo nyumbani kwa muguka, zao linalolisha familia nyingi, hasa upande wa Mbeere. Lakini majani hayo yana kichangamshi kilekile kilicho kwenye miraa, nayo huondoa hamu ya chakula na usingizi. Mwili wa mchezaji wa miaka 15 hujengwa kwa vitu hivyo viwili. Kocha anayewaona vijana wake wakitafuna kabla ya mechi na kunyamaza anawaumiza, na nasema hivyo nikijua ugumu wa kulisema katika kaunti hii.

Akishaonekana, apite njia gani? Shule kwanza. Michezo ya shule za sekondari, ambayo fainali zake za soka kwa kawaida huwa muhula wa pili, humtoa mchezaji kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, ukanda wa Mashariki, taifa, kisha Afrika Mashariki, na kila ngazi ina macho mapya. Kuna mashindano ya vijana ya kampuni pia: fainali za kitaifa za Chapa Dimba na Safaricom za 2019 zilichezwa hapa jirani, uwanja wa Kinoru mjini Meru. Na kuna ngazi za Shirikisho la Soka Kenya, FKF, kuanzia ligi za kaunti kwenda juu. Wasichana wasisahauliwe katika hesabu hii. Timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana chini ya miaka 17, mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Msichana wa Dallas anayefunga mabao anastahili daftari lake.

Tena njia hiyo haitaki pupa. Michael Olunga alisoma shule ya Upper Hill, akapitia Tusker na Thika United, akaibeba Gor Mahia kwa mabao 2015 huku akiendelea na masomo ya chuo kikuu. Alipoenda Djurgården ya Uswidi mapema 2016 alikuwa na miaka 21. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja ya Kashiwa Reysol kule Japani. Kuchelewa hakukumpunguzia kitu.

Victor Osimhen wa Nigeria anatufunza hilohilo kwa njia nyingine. Alikulia Olusosun, jijini Lagos, kando ya jaa kubwa la taka, akiuza maji kwenye foleni za magari. Mwaka 2015 alifunga mabao 10 Nigeria ikitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Chile, chini ya kocha Emmanuel Amuneke. Dunia nzima ilimjua tangu akiwa na miaka 16. Hata hivyo alijiunga na Wolfsburg ya Ujerumani Januari 2017, siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Hakufunga bao hata moja la ligi pale. Akapelekwa Ubelgiji, akainuka upya, na 2023 akawa Mchezaji Bora wa Afrika.

Ile Januari ina sababu yake. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu soka. Kwa hivyo mtu anayekuja Embu akisema klabu ya Ulaya inamtaka mtoto wako wa miaka 15 mwezi ujao, mpe kiti na umuulize barua ya klabu iko wapi, na FKF inajua nini. Mwulize pia leseni yake ya uwakala, kisha utafute jina lake katika orodha ya mawakala kwenye tovuti ya FIFA. Wakala hana ruhusa ya kuzungumza na mtoto kabla mzazi au mlezi hajakubali kwa maandishi. Akidai ada ya majaribio, pesa za viza au akitaka kubaki na pasipoti, mazungumzo yameisha. Na mkataba wowote wa aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu.

Sasa turudi kwenye daftari na thamani yake. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Chukua timu ya mtaani iliyomlea kijana akiwa na miaka 13, 14, 15 na 16. Akiuzwa kwa dola milioni moja, fungu la timu hiyo ni asilimia 1.25, yaani dola 12,500, na kila akiuzwa tena hesabu hurudi. Pesa hizo hupewa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa, kwa miaka inayothibitika. Timu isiyo na usajili wa FKF wala kumbukumbu haipati kitu, hata kama mtaa mzima unakumbuka nani alimnunulia njumu za kwanza. Basi viongozi wa timu, sajilini klabu, sajilini watoto kila msimu, na mtunze karatasi.

Jambo la mwisho linahusu usalama. Mtoto asisafiri wala kulala ugenini na mtu mzima mmoja peke yake, hata akiwa kocha anayependwa. Mzazi ajue mahali, siku ya kurudi na simu za watu wawili. Ukishuku mtoto anadhulumiwa au anataka kusafirishwa kwa hila, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au polisi, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, inayopokelewa mchana na usiku. Iandike kwenye jalada la daftari, chini ya jina la kijana.