Sukuma Wiki ya Nyumbani: Kutoka Kitaluni hadi Sufuriani

Sukuma wiki ni mboga ya majani ya jamii ya kabichi ambayo haifungi kichwa, na imekuwa kitoweo cha kila siku katika kaya nyingi za Kenya kwa sababu hukua haraka, huchumwa jani kwa jani kwa miezi mingi, na haigharimu sana. Majani yake yana vitamini C na K, karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kalsiamu inayofyonzwa kwa urahisi kuliko ile ya spinachi, kwa kuwa sukuma ina oksalati kidogo, yaani kemikali inayoshikana na kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Hata hivyo, jani hilo hilo hubeba pia mabaki ya maji liliyonyweshwa na dawa liliyonyunyiziwa, na mnunuzi sokoni hawezi kuyatambua kwa macho. Hapo ndipo bustani ya nyumbani inapolishinda soko, hata ikiwa majani yake ni machache.

Mbegu husiwa kwanza kitaluni, ambapo kwa kawaida huota ndani ya wiki moja, na miche huhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa na majani manne au matano ya kweli. Upandikizaji hufanywa jioni ili jua lisiinyaushe miche, na katika ardhi ya kawaida huachwa nafasi ya sentimita 45 hivi kati ya mche na mche. Kaya isiyo na ardhi, kama zilivyo nyingi katika mitaa ya Kibera na Mathare jijini Nairobi, inaweza kutumia gunia. Mkebe uliotobolewa pande zote mbili husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi hushindiliwa kuuzunguka, kisha mkebe huvutwa juu na kazi hiyo kurudiwa mpaka gunia lijae, hivyo kwamba nguzo ya kokoto inabaki katikati na kuyafikisha maji chini. Gunia linalojazwa udongo mtupu hulowa juu tu huku mizizi ya chini ikikauka, na hilo ndilo kosa linaloangusha bustani nyingi za aina hii.

Udongo usichukuliwe kando ya barabara yenye magari mengi, wala mahali palipowahi kuyeyushwa betri au kuchomwa taka, kwa maana risasi, ambayo ni metali yenye sumu inayodhuru hasa ubongo wa mtoto, hukaa ardhini miaka mingi na haiondolewi kwa kupika. Samadi nayo inapaswa kuozeshwa vizuri kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa, kwani samadi mbichi huwa na bakteria na mayai ya minyoo. Maji taka ya mtaro hayafai hata kidogo, ingawa huistawisha mboga. Afadhali maji yaliyosuuzia nafaka jikoni, yakimwagwa shinani badala ya juu ya majani.

Adui mkubwa wa sukuma ni vidukari, wadudu wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani na kufyonza utomvu wake hadi jani likunjamane. Wakionekana mapema, huondolewa kwa vidole au kwa maji yenye kijiko kidogo cha sabuni katika lita 1. Inafaa kuwachunguza kwa karibu kwanza, kwa sababu kidukari aliyevimba na kugeuka rangi ya shaba ameshatagiwa yai na nyigu mdogo, na kumwacha mahali pake ni kuwaacha nyigu wengine waanguliwe na kuendelea na kazi hiyo. Doa la njano lenye umbo la V linaloanzia ukingoni mwa jani, likiandamana na mishipa myeusi, ni dalili ya uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria usio na tiba. Mmea huo hung'olewa na kuchomwa, na mahali hapo hapapandwi jamii ya kabichi kwa miaka miwili au zaidi. Ikilazimu kutumia dawa ya dukani, siku za kungoja kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye kibandiko chake ziheshimiwe bila kupunguzwa.

Uchumaji huanzia majani ya chini, na machache ya juu huachwa ili mmea uendelee kujilisha. Jikoni, majani huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa, si baada yake, kwa kuwa vitamini C huyeyuka majini na kumwagwa pamoja nayo. Hupikwa kwa dakika chache, pamoja na mafuta kidogo yanayosaidia mwili kufyonza karotini, na nyanya au ndimu inayorahisisha ufyonzaji wa madini ya chuma. Desturi ya kuichemsha mpaka igeuke rangi ya kahawia huiacha ikiwa na ladha hafifu na vitamini chache.

Mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hahitaji kuacha sukuma, lakini kwa kuwa vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo, anapaswa kula kiasi kisichobadilikabadilika na kumweleza daktari kabla ya kukiongeza au kukipunguza.