Je, Kuna Kiendacho Kasi Kuliko Nuru?

Nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 hufundisha kwamba hakuna kitu kiwezacho kuipita. Hata hivyo, picha za redio za galaksi ya mbali iitwayo 3C 273, zilizopigwa kati ya mwaka 1977 na 1980, zilionyesha donge la gesi likirushwa kutoka kiini chake kwa mwendo ulioonekana kuzidi mara kadhaa ule wa nuru. Je, kanuni imevunjwa?

Picha hizo hupatikana kwa kuunganisha darubini za redio zilizo maelfu ya kilomita mbalimbali, ambazo hupokea mawimbi yale yale kwa wakati mmoja. Kadiri zinavyoachana, ndivyo zinavyopambanua mambo madogo zaidi. Barani Afrika, darubini ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, hushiriki katika kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa msafiri wa baiskeli anayekuja shuleni Iyula kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa. Saa 2 asubuhi, akiwa umbali wa kilomita 20, anamtanguliza mjumbe aendaye kilomita 10 kwa saa. Mjumbe huyo anafika saa 4. Saa 3, akiwa amebakiza kilomita 11, msafiri anatuma mjumbe wa pili, naye anafika saa 4 na dakika 6. Habari za safari ya saa nzima zimepishana kwa dakika 6 tu, kwa sababu msafiri aliwafuata wajumbe wake karibu karibu.

Mjumbe wa donge la gesi ni mawimbi ya redio, yaendayo kwa mwendo wa nuru. Tuseme donge limekwenda miaka-nuru 5 kwa miaka 5.1: limetukaribia kwa miaka-nuru 4 na kwenda kando kwa miaka-nuru 3. Mawimbi ya mwisho yameokoa miaka 4 ya safari, hivyo yanafika miaka 1.1 tu baada ya yale ya kwanza. Darubini huona mwendo wa kando peke yake: 3 ÷ 1.1, yaani karibu mara 2.7 ya mwendo wa nuru. Lakini mwendo halisi ni 5 ÷ 5.1, yaani asilimia 98 ya mwendo wa nuru. Kanuni haikuvunjwa, Martin Rees alikwisha kulitabiri jambo hili mwaka 1966.

Zoezi: Rudia hesabu hii ikiwa donge limetumia miaka 10 badala ya 5.1. Je, bado litaonekana kuipita nuru? Eleza sababu.