Kunyonya Maji na Madoa Katika Kapeti na Sofa



Somo la safari hii linatokana na swali ambalo vikundi vya kina mama na vijana wanatuuliza, kutoka Othaya na Karatina hadi Nanyuki: je, ile mashine ya kunyonya maji kwenye kapeti inaweza kuletea kikundi pesa? Inaweza. Lakini inaweza pia kuharibu sofa ya mtu, na mkailipa kwa akiba ya mwaka mzima. Kwa hivyo tuanze na kuielewa.

Watu husema mashine inavuta maji. Kwa kweli haivuti. Ndani yake mna feni inayotoa hewa kwa nguvu. Hewa ikipungua ndani ya pipa, hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yaingie kwenye paipu, kama vile mtoto anavyokunywa soda kwa mrija. Sasa, mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu msukumo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Ndiyo maana mashine huku haina nguvu kama ya pwani. Usikimbie nayo. Pitisha mdomo wake polepole, mahali pamoja mara mbili au tatu.

Mwingereza mmoja, Hubert Cecil Booth, ndiye aliyetengeneza mashine ya kunyonya vumbi mwaka wa 1901. Ilikuwa kubwa hata ikavutwa na farasi, ikasimama nje ya nyumba na mipira yake kupitishwa madirishani! Hiyo ilikuwa ya vumbi kavu, na hata leo nyingi zinazouzwa ni za vumbi tu. Ukinyonya maji na hiyo, umeichoma, na stima inaweza kukurusha. Nunueni ile iliyoandikwa ni ya maji na vumbi. Kabla ya kunyonya maji, toa mfuko wa karatasi na uweke kichujio cha sponji. Ndani mna kiboya kinachopanda maji yakijaa na kuziba njia ya hewa. Ukisikia sauti imebadilika ikawa nyembamba, zima, chomoa plagi, mwaga. Waya wa kuongezea stima usilale kwenye maji. Na usinyonye kamwe mafuta ya taa, petroli wala thina, kwa maana cheche za mota zinaweza kuwasha mvuke wake.

Tuje kwa madoa. Kilichomwagika sasa hivi, nyonya mara moja kabla ya sabuni yoyote. Usisugue, kusugua ni kukizamisha. Chai ya maziwa, uji na damu vinataka maji baridi kwanza, kwa sababu maji moto huvigandisha kwenye nyuzi. (Hapa wengi wetu tunakosea, tukidhani maji moto yanaweza yote.) Matope yetu mekundu, afadhali uyaache yakauke kabisa, uyapige brashi, unyonye vumbi, halafu ndipo utie maji. Mafuta ya kupikia, nyunyizia unga, uache uyafyonze, kisha unyonye. Jiki usiguse nayo kapeti ya sufu wala kitambaa cha rangi.

Sabuni iwe kidogo. Ikibaki ndani inanata na kushika uchafu mpya, na baada ya wiki mbili mwenye nyumba anasema hamkuosha kitu. Baada ya sabuni, nyunyiza maji safi, nyonya tena.

Kazi ngumu zaidi ni kukausha. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, sisi wenyewe tuliosha sofa ya mwalimu fulani. Tulimwaga maji kwa ndoo, tukanyonya haraka, tukalipwa, tukaenda. Mnajua Julai ya huku, ukungu asubuhi hadi jioni. Siku ya tatu akatuita: sofa inanuka, na misumari ya mbao imeshika kutu ikatoa madoa ya kahawia kwenye kitambaa. Sponji ya ndani ilikuwa bado imelowa. Tulimrudishia pesa zake zote na kununua kitambaa kipya. Tangu hapo hatumwagi, tunanyunyiza. Na tunanyonya hadi mkono ukibonyeza usipate maji. Ukungu wa kuvu unaweza kuanza baada ya siku moja au mbili, kwa hivyo kisichoweza kukauka kwa siku moja kisioshwe. Kutoka Juni hadi Agosti pokeeni kapeti ndogo zinazoweza kutundikwa, na sofa mziache hadi jua litokee.

Kuhusu pesa, stima si gharama kubwa: mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi saa moja inakula uniti 1.2. Gharama ni mashine na hasara kama ile yetu. Mimi ningeshauri mkodi kwanza kwa wikendi tatu hivi, mwandike mapato na matumizi kwenye kitabu, ndipo mguse akiba. Na kabla ya kuanza kazi kwa mtu, jaribu sabuni kwenye kona isiyoonekana, mzunguke pamoja na mwenye sofa mkiandika madoa ya zamani na mahali palipochanika, naye atie sahihi.