Gari la Kikundi Likichemsha Katika Msongamano

Vikundi vyenye pikapu ya zamani vinaijua taabu hii. Gari linatoka shambani na mzigo bila shida yoyote, likifika mjini kwenye foleni, sindano ya joto inaanza kupanda. Katika somo hili tutaanza na yale yaliyotupata sisi wenyewe, maana karo ya kujifunza jambo hili tuliilipa mara tatu.

Kikundi chetu kilinunua Peugeot 504 pikapu, ya petroli, ya aina iliyokuwa ikiunganishwa pale Mombasa. Magari ya jina hilo yalishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, kwa hivyo wazee wetu hawakutaka kusikia habari ya gari lingine. Kazi yake ilikuwa kupeleka kabeji kutoka Limuru hadi soko la Wakulima, Nairobi. Mpaka Kangemi sindano ilikuwa inakaa katikati. Kutoka hapo hadi Westlands, mwendo wa hatua moja na kusimama, iliingia kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka.

Fundi wa kwanza alisema, "Gari ikichemsha ni rejeta." Tukanunua rejeta iliyotumika. Gari likachemsha palepale. Fundi wa pili alitoa thamostati akaitupa, akatuambia nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho. Gari likachemsha. Siku ya tatu kijana wetu tanboi alifungua kifuniko cha rejeta kwa haraka ili aongeze maji. Maji yalimrukia mkono na shingo, akakaa wiki mbili bila kufanya kazi. Kabeji ziliuzwa jioni kwa bei ya kutupa, na mkopo wa gari ulikuwa bado haujaisha. Katika mkutano uliofuata wengine walitaka liuzwe kama chuma chakavu.

Hapo mweka hazina wetu, mama ambaye hajawahi kushika usukani, aliuliza: "Lakini mbona haichemshi ikikimbia?"

Mafundi wote hatukuwahi kuwauliza hivyo. Hebu tulifikirie swali hilo. Maji yanabeba joto kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, na upepo unaopita katika rejeta unalichukua joto hilo na kulitoa nje. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo unakuja wenyewe. Likisimama kwenye foleni hakuna upepo ila ule unaovutwa na feni. Basi gari ambalo ni baridi barabarani na moto kwenye foleni, kwanza tazama upande wa upepo. Lakini kama linachemsha likiwa mbio au likipanda mlima na mzigo, tazama upande wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, au thamostati iliyokwama. Likichemsha kila mahali, na maji yanapungua bila kuvuja, huenda gasketi ya kichwa cha silinda imeungua. Dalili nyingine ya hiyo ni oili kufanana na chai ya maziwa.

Sasa, 504 nyingi zina feni ya namna yake. Haizunguki wakati wote. Iko mbele ya puli ya pampu ya maji, na ndani kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata joto, swichi ya joto inapeleka umeme kupitia kaboni ndogo, sumaku inaikamata feni, nayo inaanza kuzunguka pamoja na puli. Kaboni ikiisha, waya ikikatika au swichi ikifa, feni inazembea tu. Barabarani hutajua. Kwenye foleni utajua mara moja.

Yetu ilikuwa kaboni. Ilikuwa imeisha kabisa, na bei ya mpya haikufika hata nauli ya kwenda na kurudi Nairobi. Fundi mzee aliyeiona alituonyesha pia zile skrubu tatu za kurekebisha feni. Umeme ukikataa ukiwa safarini, injini ikiwa imezimwa, zinaweza kukazwa ili feni ishikane na puli na kuzunguka moja kwa moja. Petroli itaenda kidogo zaidi, lakini utafika.

Wenye Land Rover Series III na magari mengine ambayo feni inazungushwa na mkanda peke yake, angalieni mkanda. Zima injini, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu. Ukizama zaidi ya nusu inchi hivi, umelegea na unateleza. Angalieni pia ile kava inayozunguka feni. Mafundi wengi huitoa wakitafuta nafasi ya mkono, kisha hairudi tena. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Na mapezi ya rejeta yakijaa matope, mbegu za nyasi na wadudu, yasafishwe kwa maji yasiyo na nguvu sana, kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Habari ya thamostati: tulirudisha. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake asubuhi, inakula petroli, na vyuma vinasagika. Tena katika injini nyingine maji huzunguka ndani bila kupita yote kwenye rejeta, na tatizo linaongezeka.

Kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri, hasa kwetu wa nyanda za juu. Limuru iko karibu mita 2,200 juu ya bahari, na maji ya sufuria huko yanachemka kwenye digrii 93 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke upesi. Kile cha ratili 7 kwa inchi mraba kinaongeza zaidi ya digrii 10. Kwa hivyo mpira wake ukikauka, au ukifunika kwa matambara na kipande cha mfuko kama tunavyoona, umejinyima digrii hizo.

Sindano ikipanda ukiwa katikati ya foleni, weka gia huru na ukanyage mafuta kidogo ili pampu na mkanda viende kasi. Kama gari lina hita, ifungulie yote hata kama mtatoka jasho, maana ni rejeta ya pili. Ikizidi kupanda, toka kando na uzime. Ngoja nusu saa au zaidi. Mpaka uweze kushika hozi ya juu bila kuungua, kifuniko kisiguswe. Maji baridi yasimwagwe katika injini iliyo moto. Kichwa cha silinda cha 504 ni cha alumini, kinapinda.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

Dereva wenu ana daftari? Aandike kwa wiki mbili: gari lilichemsha wapi, saa ngapi, lilikuwa mbio au limesimama, na maji yalipungua kiasi gani. Lisomwe mbele ya wanachama kabla ya kumwita fundi.

Ni spea gani mlinunua mwaka uliopita bila kujua kama ndiyo iliyoharibika? Mweka hazina alete hesabu.

Tanboi wenu ameonyeshwa jinsi ya kungoja rejeta ipoe? Na nani?